Kujaza upya kalamu ya insulini: Akiba inayoishia kwenye hasara

MKULIMA ana gharama za aina mbili. Zipo zinazokuja na msimu, kama mbegu, mbolea, palizi na magunia. Hizi huzipangia kwa sababu anajua zitafika lini. Na zipo zinazokuja kila siku bila kujali kama mvua imenyesha au la. Insulini kwa mgonjwa wa kisukari ni gharama ya aina hii ya pili, tena ni ngumu kuliko nyingine zote kwa sababu haiahirishwi. Ada ya shule mwalimu anaweza kuisubiri hadi mavuno. Mwili wa mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza hausubiri. Asipopata insulini kabisa, anaweza kupoteza maisha katika siku au wiki chache.

Kwa sababu hiyo, familia zenye mgonjwa hutafuta kila njia ya kubana matumizi. Njia mojawapo inayojulikana kwa watumiaji wa kalamu za insulini katika nchi nyingi ni kuitumia tena kalamu iliyotengenezwa itumike hadi iishe na kutupwa. Wengine huijaza insulini kutoka kwenye chupa. Wengine hutumia bomba la sindano kuvuta mabaki yaliyobaki ndani ya kalamu kadhaa na kuyachanganya. Wengine, ndani ya nyumba moja, hubadili sindano tu na kuitumia kalamu hiyo hiyo watu wawili.

Makala haya hayana lengo la kumlaumu anayefanya hivyo. Mtu habuni mbinu kama hizo kwa kupenda, ni bei inayomsukuma. Lakini mchumi analo swali moja ambalo lazima aliulize hata kabla daktari hajasema lake: je, kweli akiba ipo? Tukiipiga hesabu hii kama tunavyopiga hesabu ya gunia la mahindi, tutaona kwamba kujaza upya kalamu hakumwokolei mgonjwa karibu chochote ambacho asingekiokoa kwa njia iliyo salama zaidi.

Chupa, kalamu na katriji

Kwanza tuelewane kuhusu bidhaa zenyewe, maana dukani zinapangwa pamoja ilhali hazifanani.

Insulini huuzwa katika vifungashio vya aina tatu. Ya kwanza ni chupa ndogo ya mililita 10. Mgonjwa huvuta dozi yake kwa bomba dogo la sindano lenye alama za uniti. Ya pili ni kalamu iliyokwisha kujazwa kiwandani, ambayo kwa kawaida ina mililita 3. Mgonjwa hufunga sindano fupi kwenye ncha, anazungusha kitufe hadi namba ya dozi yake, anajichoma na kubonyeza. Kalamu hii ikiisha inatupwa. Ya tatu ni kalamu ya kudumu, ambayo mwili wake hutumika kwa miaka kadhaa. Kinachobadilishwa ni katriji, yaani kichupa chembamba cha mililita 3 kinachoingizwa ndani yake na kutolewa kikiisha.

Kalamu ya kudumu ndiyo ya zamani kuliko hiyo ya kutupa. NovoPen ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark iliingia sokoni mwaka 1985, na kalamu za kutupa zilifuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo mtu anayejaza kalamu ya kutupa anajaribu kuigeuza kuwa kitu ambacho tayari kipo sokoni na kilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Kipimo cha insulini ni uniti. Insulini ya kawaida siku hizi ina uniti 100 katika kila mililita moja. Hivyo chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000, na kalamu au katriji ya mililita 3 ina uniti 300. Msomaji anayenunua umeme wa LUKU atanielewa haraka. Anayenunua umeme hatazami urefu wa karatasi ya risiti, anatazama uniti ngapi amepata kwa fedha yake. Kwenye insulini pia hesabu ianzie hapo: bei ya chupa igawanywe kwa 1,000, na bei ya kalamu igawanywe kwa 300.

Hesabu ya siku 28

Hata hivyo, bei ya uniti moja peke yake haitoshi. Kuna mambo mawili mengine yanayoingia kwenye hesabu, na wengi huyasahau.

La kwanza ni muda. Chupa au kalamu nyingi zikishaanza kutumika, watengenezaji huelekeza zimalizike ndani ya wiki nne hivi, yaani siku 28. Ziko zinazoruhusiwa muda mrefu zaidi, hivyo karatasi ya ndani ya boksi isomwe. La pili ni uniti za kupimia. Kabla ya kila sindano, mtumiaji wa kalamu anatakiwa kutoa uniti 2 hewani ili kuhakikisha hakuna hewa na kwamba sindano haijaziba. Uniti hizo humwagika.

Tuchukue wagonjwa wawili. Wa kwanza anatumia uniti 40 kwa siku katika sindano mbili. Kwa siku 28 anahitaji uniti 1,120, sawa na chupa moja na kidogo. Akitumia kalamu, anaongeza uniti 4 za kupimia kila siku, hivyo anahitaji uniti 1,232, sawa na kalamu nne na kidogo.

Wa pili anatumia uniti 15 kwa siku, sindano moja. Kwa siku 28 anahitaji uniti 420 tu. Akifungua chupa, uniti 580 zinabaki wakati muda wa matumizi umekwisha. Anaponunua chupa analipia uniti 1,000, lakini zaidi ya nusu anaimwaga. Akitumia kalamu, pamoja na uniti 2 za kupimia, anahitaji uniti 476, yaani kalamu moja na nusu hivi.

Sasa tuweke bei. Hizi ni bei za mfano tu ili hesabu ieleweke, msomaji aweke bei za dukani kwake. Tuseme chupa ni Sh 20,000 na kalamu moja ni Sh 12,000. Mgonjwa wa uniti 40 atatumia Sh 22,400 kwa chupa, au Sh 49,000 na zaidi kwa kalamu. Kwake yeye kalamu ni zaidi ya mara mbili. Mgonjwa wa uniti 15 atatumia Sh 20,000 kwa chupa, au takriban Sh 19,000 kwa kalamu. Kwake yeye kalamu wala si anasa.

Kinachojitokeza ni kwamba hakuna jibu moja kwa watu wote. Mwenye dozi kubwa, chupa inamfaa zaidi kifedha. Mwenye dozi ndogo, kama mtoto au mtu anayeanza tiba, kifungashio kidogo kinaweza kumpunguzia upotevu. Ni sawa na mkulima wa robo eka anayenunua mfuko wa kilo 50 wa mbolea kwa sababu bei ya kilo ni nafuu, kisha nusu ya mfuko inaganda ghalani.

Akiba ya kujaza iko wapi?

Turudi sasa kwa anayejaza kalamu iliyokwisha. Insulini anayoijaza anaitoa wapi? Anaitoa kwenye chupa. Kwa hiyo bei ya chupa amekwisha kuilipa. Anachookoa ni tofauti kati ya bei ya kalamu mpya na bei ya chupa, lakini tofauti hiyo tayari aliipata alipochagua kununua chupa. Angechukua bomba la sindano na kuvuta dozi moja kwa moja, angekuwa ameokoa kiasi hicho hicho.

Je, amepunguza gharama ya mabomba? Hapana, kwa sababu kalamu nayo inahitaji sindano zake. Ameacha kununua bomba, ananunua sindano ya kalamu. Zaidi ya hapo, kila anapochoma anapoteza uniti 2 za kupimia ambazo mtumiaji wa bomba hazipotezi. Kwa mgonjwa wa sindano mbili kwa siku hizo ni uniti 120 kwa mwezi. Akiacha kupima ili aziokoe, hana tena uhakika kama dozi imeingia.

Ukiweka mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, akiba ya kujaza kalamu kwa mtu ambaye tayari ana chupa mkononi ni sifuri au chini ya sifuri. Faida pekee inayobaki ni urahisi wa kalamu. Faida hiyo si ndogo na hatupaswi kuidharau. Mzee ambaye macho yamefifia haoni mistari midogo ya bomba, lakini anaweza kuhesabu mlio wa kitufe. Mfanyabiashara wa mnadani anaweza kujichoma bila kutandaza vifaa mbele ya wateja. Lakini anayetaka urahisi huo kwa gharama ndogo, bidhaa yake ni kalamu ya kudumu na katriji.

Hasara isiyoonekana kwenye daftari

Kwa upande wa hatari, hesabu inakuwa nzito zaidi. Ndani ya kalamu kuna kijiti kinachosukuma mpira, na mpira unasukuma dawa. Mfumo huo umeundwa kusonga mbele tu. Anayelazimisha kuurudisha nyuma huacha nafasi au hewa kati ya kijiti, mpira na dawa. Kitufe kitasoma uniti 20, lakini zinazoingia mwilini huenda zikawa 14 au 17. Kesho zinaweza kuwa kamili. Mgonjwa anaona sukari inapanda na kushuka, anadhani ni chakula au dozi ndogo, anaongeza. Siku ambayo kalamu inatoa dozi kamili, sukari inashuka ghafla na mtu anaanguka shambani.

Pili ni uchafu. Insulini ina dawa ya kuzuia vijidudu, lakini haikuwekwa humo kwa ajili ya kuhamishwa kutoka chombo hadi chombo juu ya meza ya jikoni. Kila kutoboa mpira na kila kuhamisha ni mlango mpya wa vijidudu.

Tatu ni kuchanganya dawa. Ipo insulini ya kazi ya haraka, ya kazi ndefu na ya mchanganyiko. Kalamu iliyoandikwa jina moja ikijazwa dawa nyingine, maandishi yanakuwa uongo. Mgonjwa mwenyewe anaweza kukumbuka, lakini siku amezidiwa, mtoto au jirani anayempa huduma atasoma kilichoandikwa.

Nne, na hili ni kubwa, ni nguvu ya dawa. Zipo kalamu zenye uniti 200 au 300 kwa mililita badala ya 100. Anayevuta mabaki ya kalamu ya uniti 300 kwa bomba la kawaida la uniti 100 anajichoma mara tatu ya dozi aliyodhani. Hata mabomba hutofautiana. Zipo nchi, India ikiwamo, ambako insulini ya uniti 40 kwa mililita na mabomba yake bado vinauzwa. Bomba la namna hiyo likitumika kwa insulini ya uniti 100, dozi inakuwa mara mbili na nusu. Namba iliyo kwenye chupa na namba iliyo kwenye bomba lazima zilingane.

Kuhusu kutumia kalamu moja watu wawili, jibu ni fupi: hapana, hata kama sindano imebadilishwa. Wakati wa kuchoma, damu kidogo inaweza kurudi ndani ya katriji bila kuonekana. Mwaka 2009 hospitali moja ya jeshi mjini El Paso, Texas, nchini Marekani, ililazimika kuwaita zaidi ya wagonjwa 2,000 wapimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini kwa sababu kalamu ziliwahi kutumika kwa zaidi ya mgonjwa mmoja huku sindano tu zikibadilishwa. Kama hospitali yenye vifaa vyote ilikumbwa na hilo, nyumbani tusijidanganye.

Sindano ya kalamu nayo imetengenezwa itumike mara moja. Wapo wengi wanaoirudia wenyewe kwa wenyewe kwa sababu ya gharama. Wajue kwamba ncha hupinda, huuma zaidi, na ngozi inayochomwa mahali pamoja kwa sindano butu hufanya uvimbe unaonyonya dawa vibaya. Sindano isiachwe imefungwa kwenye kalamu kati ya dozi na dozi, maana dawa huvuja na hewa huingia. Na isitumiwe na mtu wa pili kamwe.

Sasa tuweke bei kwenye hatari hizi. Usiku mmoja wa kulazwa, gari la kukodi kutoka kijijini hadi hospitali ya wilaya, siku za palizi zilizopotea kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza, vyote vinazidi kwa mbali bei ya mabomba ya sindano ya mwezi mzima. Kidonda cha mguu kikifikia kukatwa, familia haiuzi kuku, inauza ng'ombe wa maksai, na bila maksai ekari za msimu ujao zinapungua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa nini kalamu zinaadimika

Msomaji anaweza kuuliza: kama chupa ni nafuu, kwa nini dunia nzima ilikimbilia kalamu, na kwa nini zinaadimika? Jibu liko kwenye soko.

Insulini iligunduliwa Toronto, Canada, na mgonjwa wa kwanza alichomwa Januari 1922. Wagunduzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao kwa dola moja kila mmoja, wakitaka dawa iwafikie wote. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kampuni tatu, yaani Novo Nordisk, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa, zinashika zaidi ya asilimia 90 ya soko la insulini duniani. Wakati huo huo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 walikuwa na kisukari, ingawa si wote wanaohitaji insulini.

Soko la wauzaji watatu tunalijua vizuri sisi watu wa kilimo. Mnunuzi mmoja wa pamba akiamua kutofika kijijini msimu huu, mkulima hana wa kumlalamikia. Afrika Kusini iliyapata hayo kwenye dawa. Kwa takriban miaka 10 serikali yake ilipata kalamu za insulini ya binadamu kutoka Novo Nordisk kwa ajili ya hospitali za umma. Mkataba ulipokwisha, kampuni hiyo haikuomba tena zabuni. Mwaka 2024 ilijulikana kuwa hakuna kampuni nyingine iliyojitokeza kwa bei ya takriban dola 2 kwa kalamu. Wagonjwa wengi wakarudishwa kwenye chupa na mabomba, wengine wakiwa hawajawahi kuvuta dawa kwa bomba maishani. Wakosoaji walisema kampuni imeelekeza nguvu kwenye dawa mpya za kisukari na kupunguza uzito, ambazo nazo huwekwa kwenye kalamu lakini bei yake ni kubwa mno.

Wala tusidhani tatizo ni la Afrika peke yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu wazima milioni 1.3 nchini humo walikuwa wamepunguza, wamechelewesha au wameruka dozi katika mwaka mmoja ili kuokoa fedha. Ilibidi mwaka 2023 ziwekwe hatua za kufanya wagonjwa wengi wasilipe zaidi ya dola 35 kwa mwezi.

Katika ukanda wetu zimekuwapo jitihada. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, umetoa insulini bure kwa watoto na vijana katika nchi kadhaa, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Mwaka 2023 Novo Nordisk na kampuni ya Aspen ya Afrika Kusini zilitangaza makubaliano ya kutengeneza insulini ya binadamu barani humu. Jambo la kuzingatia ni kwamba makubaliano hayo yalihusu chupa, si kalamu. Kwa maneno mengine, mwelekeo wa bei nafuu kwa Afrika uko kwenye chupa, na anayejenga maisha yake juu ya kalamu za kutupa anajenga juu ya bidhaa ambayo muuzaji anaweza kuiondoa.

Akiba ya kweli inapatikana wapi?

Kwanza, mgonjwa amuulize daktari au mfamasia kama insulini ya binadamu inamfaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba katika nchi zenye kipato kidogo insulini hiyo, ambayo kwa kawaida ni nafuu kuliko zile mpya zilizoboreshwa, ndiyo itumike kwa wagonjwa walio wengi. Mtu asibadilishe aina peke yake, kwa sababu dozi na saa za kuchoma hutofautiana.

Pili, apige hesabu ya siku 28 kama tulivyofanya hapo juu, kwa dozi yake na bei za mahali pake. Aongeze mabomba au sindano, na nauli ya kwenda kununua. Kifungashio kitakachotoka na jumla ndogo ndicho chake.

Tatu, anayehitaji kalamu kwa sababu ya macho, watoto au kazi, aulize kalamu ya kudumu. Lakini kabla hajailipia, ahakikishe katriji zake zinapatikana mwaka mzima. Katriji ya kampuni moja kwa kawaida haikusudiwi kuingia kwenye kalamu ya nyingine. Ni kama kununua pampu ya kunyunyizia dawa ambayo vipuri vyake viko duka moja tu mjini. Pampu ni nzuri hadi siku mpira unapokatika.

Nne, kila mtumiaji wa kalamu ajifunze pia kutumia chupa na bomba, hata kama hatumii leo. Nusu saa ya kufundishwa kliniki ni bima isiyolipiwa, kama wagonjwa wa Afrika Kusini walivyokuja kutambua mwaka 2024.

Tano ni utunzaji, kwa sababu dawa iliyoharibika ni fedha iliyotupwa. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kwa wasio na jokofu kuna habari ya kutia moyo. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulifuata viwango vya joto vilivyopimwa kwenye nyumba za kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya. Ulionyesha kwamba insulini ya binadamu iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Chungu cha udongo kilicholoweshwa, au kabati la mkaa lenye unyevu ambalo wakulima wa mboga hulitumia, husaidia kushusha joto zaidi. Lakini kama huna jokofu usinunue akiba ya miezi sita kwa sababu tu mavuno yamelipa.

Mbuzi wa maziwa na dozi ya kesho

Hapo ndipo tunapofika kwenye kazi yangu hasa. Kaya inayolipia insulini kwa mahindi ina tatizo la kalenda kuliko tatizo la umaskini. Mapato yanakuja mara moja au mbili kwa mwaka, matumizi ni kila mwezi. Matokeo yake ni kuuza magunia Julai wakati bei iko chini, au kukopa Februari kwa riba.

Dawa ya tatizo hilo ni kuioanisha gharama ya mwezi na pato la mwezi. Ng'ombe au mbuzi wa maziwa, kuku wa mayai, bustani ya mchicha na sukuma wiki, ndizi zinazokatwa kila wiki, haya ndiyo mapato yanayoweza kubeba insulini. Si lazima yawe makubwa. Yanachotakiwa ni kutokatika. Familia iamue wazi kwamba fedha ya maziwa ya jioni, kwa mfano, ni ya dawa, na isiguswe kwa ada wala harusi.

Mwenye zao moja la msimu afanye kama anavyofanya kwa mbegu. Hesabu ya mwezi izidishwe kwa 12, igeuzwe kuwa magunia, na magunia hayo yatengwe siku ya mavuno. Yauzwe kidogo kidogo bei inapopanda. Walio kwenye VICOBA au ushirika wa mazao wanaweza kuanzisha mfuko wa dawa, na wenye wagonjwa kadhaa kijijini wanaweza kumtuma mtu mmoja mjini badala ya kila mmoja kulipa nauli yake. Wakinunua pamoja, wakumbuke kwamba kila mgonjwa ana kifaa chake na dawa yake.

Kwa upande wa watunga sera, somo la Afrika Kusini liko wazi. Ununuzi wa umma usitegemee kampuni moja wala kifungashio kimoja, na chupa zinaponunuliwa, mabomba yanunuliwe pamoja nazo kwa idadi inayolingana. Chupa iliyofika zahanati bila bomba ni mbolea iliyofika shambani baada ya mvua kukatika. Hapo ndipo mtu anapotafuta kalamu ya zamani na kuanza kuijaza.

Rahisi ni ghali, wanasema wafanyabiashara, na wanalisema wakijua. Kalamu iliyokwisha imekwisha. Fedha anayoitafuta mgonjwa ndani yake haimo humo. Imo kwenye kifungashio kinacholingana na dozi yake, na kwenye pato dogo linaloingia kila wiki bila kukosa.